Mboni Zikisinyaa Shambani: Sumu ya Wadudu Inavyoshika Neva, na Namna ya Kuiwahi

Mkulima wa nyanya aliyeshinda na bomba mgongoni tangu asubuhi anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka, tumbo linasokota na mate yamemjaa mdomoni. Wa nyumbani wanasema ni malaria, au jua limempiga. Anapewa kidonge cha maumivu na kujilaza, na nguo alizovaa akipulizia dawa bado ziko mwilini, zinaendelea kumnywesha sumu kupitia ngozi. Saa hizo za kusubiri kuona kama atapata nafuu zinaweza kumgharimu maisha.

Tazama macho yake. Msogeze kivulini, ukague mboni, lile doa jeusi la katikati ya jicho, kisha ulinganishe na ya mtu mwingine aliyesimama hapo hapo. Penye mwanga hafifu mboni hutanuka. Ya mtu aliyedhurika na dawa za kundi la organofosfati au karbamati mara nyingi hubaki kinukta tu, hata ndani ya chumba chenye giza. Malaria haisinyazi mboni, wala kupigwa na jua kwa kawaida hakufanyi hivyo. Mtu aliyepulizia dawa leo, mwenye mboni za kinukta na mate yanayomtoka, anahitaji kituo cha afya sasa hivi.

Mboni zikiwa za kawaida, usitulie kwa sababu hiyo peke yake. Zipo nyakati sumu hii huziacha kama zilivyo, au hata kuzitanua. Ili uelewe kwa nini dalili zake zimetawanyika mwili mzima, na kwa nini mengi tuliyozoea kumfanyia mgonjwa hayamsaidii, inabidi ujue neva inavyozungumza na musuli.

Neva hupeleka habari kwa umeme. Seli yake ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa na chaji hasi kuliko nje, tofauti ya milivolti 70 hivi. Ujumbe unapoanza, milango midogo sana kwenye utando wa seli hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde upande wa ndani hugeuka kuwa chanya. Milango ya sodiamu hujifunga, potasiamu hutoka, mahali pale hutulia. Lakini sehemu ya jirani imeshaamshwa, nayo huamsha inayofuata. Ndivyo msukumo unavyokimbia hadi mwisho wa uzi wa neva, na kwenye neva zinazoendesha misuli mwendo wake huzidi mita 50 kwa sekunde.

Mwisho wa uzi umeme hukoma, kwa maana neva haijagusana na musuli. Kati yao kuna mwanya unaoitwa sinapsi, upana wake nanomita 20 hadi 50. Unene wa unywele mmoja unaushinda mwanya huo zaidi ya mara elfu. Msukumo ukifika ukingoni, kalisi huingia kwenye ncha ya neva, na vifuko vidogo vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini humwaga mzigo wake mwanyani. Kemikali huvuka, hushika vipokezi vya ng'ambo, na musuli hukaza, au tezi hutoa majimaji yake.

Habari ikishafika lazima ifutwe, na hapa ndipo sumu inapoingilia. Ndani ya mwanya ule kuna kimeng'enya, asetilikolinesterasi, ambacho molekuli yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Kwa sababu yake unaweza kufumba ngumi na kuifumbua papo hapo. Organofosfati hujibandika kwenye kimeng'enya hicho na kukizuia kufanya kazi. Asetilikolini hurundikana, na kila kiungo kinachoitegemea hupigiwa kelele bila kupumzika: tezi za mate, za machozi na za jasho, utumbo, kibofu, mboni, moyo, misuli ya kupumua, ubongo wenyewe.

Mwaka 1921 huko Graz, Austria, Otto Loewi aliweka mioyo miwili ya vyura kwenye majimaji. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza hadi ukapunguza mapigo, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuuwekea moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo bila neva yake kuguswa. Kemikali iliyofanya kazi hiyo ndiyo asetilikolini, na ndiyo maana mapigo ya moyo wa mkulima aliyezidiwa na sumu hii yanaweza kushuka hatari. Loewi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Mwaka huo huo, nchini Ujerumani, mkemia Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu, akatengeneza tabun, sumu iliyochukuliwa na jeshi. Sarin, iliyotumika kuwashambulia abiria wa treni za chini ya ardhi jijini Tokyo mwaka 1995, ni ya ukoo huo. Dawa za bustani ni hafifu mno ukizilinganisha na hizo, lakini kimeng'enya zinachokamata ni kile kile. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kusikia dawa ikiitwa nyepesi eti kwa kuwa inauzwa dukani bila masharti.

Cha kufanya mara moja

Anza na wewe mwenyewe. Sumu iliyo kwenye nguo, nywele na matapishi yake itakupata na wewe. Vaa glavu za mpira mzito, na kama hakuna, funga mifuko ya plastiki mikononi. Mtoe kwenye harufu ya dawa, mweke penye hewa.

Kisha mvue nguo zote, pamoja na chupi, mkanda na viatu. Usimwonee haya, zungusheni kanga mkafanya pazia, kazi iendelee. Fulana usiivute ikapita usoni, ichane kwa mkasi au wembe. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, chini ya kucha. Jicho lililorukiwa na dawa lisuuze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nguo alizovuliwa zitie kwenye mfuko, uufunge, usimpe mtu azibebe kwa kuzikumbatia.

Akiwa amelegea au amepoteza fahamu, mlaze ubavu wa kushoto, uso ukielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke badala ya kuingia mapafuni. Akishikwa na degedege, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye na uache mdomo wake bila kitu. Akiacha kupumua, msaada wa mdomo kwa mdomo ni hatari kwako kama kinywa chake kina dawa. Mwenye ujuzi atumie kifaa cha kukinga, na moyo ukisimama abonyezwe kifua.

Usimpe maziwa. Najua desturi hii ilivyotia mizizi, Kenya na Tanzania, na wanaompa humpa kwa mapenzi. Lakini maziwa hayana njia ya kufika kwenye sinapsi kukibandua kimeng'enya kilichokamatwa, na mtu ambaye koo lake limelegea anaweza kupaliwa nayo. Mafuta, mayai, maji ya chumvi, yote ni hayo hayo. Kumtapisha ni vibaya zaidi, kwa sababu dawa nyingi za maji huchanganywa na viyeyushi vya jamii ya mafuta ya taa, vinavyounguza mapafu vikipita njia ya hewa.

Mtu mwingine awe anatafuta usafiri wakati nyinyi mnaosha. Nendeni na chupa ya dawa, au piga picha ya lebo isomeke vizuri, na kumbukeni saa aliyoanza kuugua. Pigeni simu kituoni muulize kama atropini ipo, ili msifike mahali mkatumwa pengine. Mkifika, msiseme tu kwamba anatapika. Semeni: alikuwa anapulizia dawa ya wadudu, hii hapa.

Hospitalini

Atropini hukaa kwenye baadhi ya vipokezi vya asetilikolini, vile vya tezi, moyo na njia za hewa, na kuzuia kelele zisisikike. Mapafu yaliyokuwa yakijaa majimaji hukauka, moyo huchangamka. Huhitajika kwa wingi na kwa kurudiarudia, dozi ikiongezwa kila baada ya dakika chache hadi kifua kiwe safi, kwa hiyo ndugu wasishtuke wakiona sindano juu ya sindano.

Vipokezi vya misuli ni vya aina nyingine, na atropini haivigusi. Mgonjwa anaweza kukauka mate, mboni zikafunguka, akaanza kuongea, na misuli yake bado iko hatarini. Ipo dawa ya pili, pralidoksimu, iliyotengenezwa ili kuibandua sumu kwenye kimeng'enya, lakini ina muda wake: organofosfati ikishakaa, kifungo chake hukomaa, kwa baadhi ya dawa ndani ya saa chache tu, na baada ya hapo kimeng'enya hicho hakiokoleki. Mwili inabidi utengeneze kingine. Hospitali nyingi hazina pralidoksimu kabisa. Tegemeo linabaki atropini, oksijeni na mashine ya kupumulia.

Kati ya siku ya kwanza na ya nne, baadhi ya wagonjwa ambao wameshapata nafuu huanza kulegea upya, kuanzia shingo na mabega kwenda kwenye misuli ya kupumua. Madaktari wa Sri Lanka waliieleza hali hii mwaka 1987, baada ya kuona wagonjwa waliokwisha kuonekana wamepona wakiishiwa pumzi. Ndugu anayemuuguza anaweza kuwa wa kwanza kuigundua, bila kifaa chochote. Kila baada ya saa chache mwambie mgonjwa aliyelala chali anyanyue kichwa kutoka kwenye mto bila kujisukuma kwa mikono, akishikilie hapo juu kidogo. Akishindwa, au akiinua kwa shida kuliko alivyofanya mwanzo, muite muuguzi hapo hapo. Usingoje zamu ya asubuhi. Na kama mnashawishika kuomba ruhusa siku ya pili kwa sababu anakula na kucheka, bakini. Gharama za vitanda naziona, lakini siku hizo ndizo za kulindwa.

Anayewashwa uso tu

Si kila dawa ya wadudu hushika mwanya. Piretroidi, yaani cypermethrin, lambda-cyhalothrin, deltamethrin na ndugu zake, hushika umeme wenyewe: huizuia milango ya sodiamu isijifunge kwa wakati, neva ikabaki inafyatuka ovyo. Asili yake ni pareto, ua linalolimwa nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania, na piretroidi ndiyo kemikali iliyomo kwenye vyandarua vyetu. Mwili wa binadamu huivunja haraka kuliko mbu anavyoweza, kwa hiyo anayeipulizia mara nyingi huishia kusikia uso unawaka na kuchomachoma, hasa akitoka jasho au kujifuta kwa mkono mchafu. Oga kwa sabuni na maji baridi, epuka maji moto, pakaa mafuta ya mimea ngozini. Kwa kawaida hali hiyo haipiti saa 24.

Tatizo ni kwamba madukani zipo chupa zenye vyote viwili, kwa mfano profenofos pamoja na cypermethrin. Organofosfati huvizuia pia vimeng'enya ambavyo mwili huvitumia kuvunja piretroidi, kwa hiyo piretroidi hupata nafasi ya kudhuru zaidi. Mkulima anayechanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja ili apige mara moja amalize, anajitengenezea sumu ambayo hakuna lebo iliyoieleza.

Kabla ya kubeba bomba

Soma jina la kiambato amilifu, lile la herufi ndogo, maana jina kubwa la biashara halikwambii kitu. Chlorpyrifos, profenofos, dimethoate, diazinon na malathion ni organofosfati. Methomyl, carbaryl na carbofuran ni karbamati. Karbamati hukamata kimeng'enya kile kile lakini huachia zenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja, ingawa ndani ya siku hiyo zinaweza kuua. Tazama pia mkanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ndiyo kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kama duka la pembejeo lina dawa ya bluu au kijani inayoua mdudu huyo huyo, inunue hiyo. Tanzania dawa husajiliwa na TPHPA, Kenya ni PCPB. Chupa isiyo na namba ya usajili, au iliyojazwa kwa kupimiwa kutoka kwenye dumu, iache kaunta.

Watu wengi huogopa kuvuta dawa puani wakasahau ngozi, na kwa anayepulizia bustani ngozi ndiyo mlango mkubwa. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1971 lilipima parathion, organofosfati ya zamani, ikipakwa sehemu mbalimbali za mwili. Kigasha kilipitisha asilimia 9 hivi ya dawa iliyopakwa. Paji la uso lilipitisha asilimia 36, kwapa asilimia 64, na ngozi ya korodani karibu yote. Sasa fikiria bomba linalovuja kwenye kifuniko. Dawa hushuka mgongoni, huingia kwenye mkanda wa suruali, hukusanyika pale pale ambapo ngozi haizuii chochote, na mwenye bomba anaendelea kwa saa nzima kwa sababu anadhani ni jasho. Kwa hiyo jaza bomba maji matupu kwanza, livae, pampu kwa dakika chache, kisha pitisha mkono mgongoni. Pakiwa pamelowa, badilisha mpira wa kifuniko kabla ya kutia dawa. Mpira huo ni wa bei ndogo, na kama ningepewa nafasi ya kumwomba mkulima jambo moja tu, ningeomba hili.

Kipindi cha hatari zaidi ni wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa haijazimuliwa. Vaa glavu za mpira, si za kitambaa wala ngozi, ambazo hunywa dawa na kukufungia nayo. Suruali ipite nje ya gambuti. Piga asubuhi au jioni upepo ukiwa mtulivu, ukitembea namna ambayo hupiti katikati ya majani uliyokwisha kuyalowesha. Nozeli ikiziba, izibue kwa maji na unyasi laini au mswaki wa kazi hiyo. Kuipuliza kwa mdomo ni kuiweka organofosfati kwenye ulimi.

Ukimaliza oga kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu. Mara nyingi ni mke au binti ambaye hakushika bomba hata mara moja, na akiumwa kichwa jioni hakuna anayeoanisha na beseni la nguo. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe kwenye bomba, kisha itobolewe isiweze kutumika tena. Kamwe usiweke dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Dawa zilizobaki zifungiwe kwa kufuli nje ya nyumba ya kulala. Kufuli hiyo inamlinda mtoto, na inamlinda pia mtu mzima aliyefikwa na usiku mgumu wa majonzi: Sri Lanka ilipoziondoa sokoni dawa kali kupita zote, vifo vya watu kujiua vilishuka sana.

Aliyenusurika asirudi kupulizia wiki inayofuata. Baada ya organofosfati mwili hujenga upya kimeng'enya polepole. Kwenye chembe nyekundu za damu, ambako hupimwa, huchukua wiki nyingi hadi miezi kurudi kilipokuwa. Katika kipindi hicho dozi ndogo, ambayo mwaka jana asingeihisi, inaweza kumwangusha. Apewe kazi ya kupalilia au kuvuna kwenye sehemu isiyopigwa dawa karibuni. Wanaopulizia kwa ujira msimu mzima, na wanaowaajiri, waulize hospitali ya rufaa kama inapima kolinesterasi. Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla msimu haujaanza, kwa sababu viwango hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na namba ya katikati ya msimu haisemi mengi bila ya kulinganisha na yako mwenyewe. Karatasi ya majibu itunzwe pamoja na kadi ya bima.